Mashine za Sauti na Kipimo Chake

Katika vitu vyote ambavyo mwanadamu huvitoa nafsini mwake, hakuna kipoteacho upesi kama sauti. Mjenzi akifa huacha ukuta wake, mchongaji huacha kinyago chake, na mwandishi huacha karatasi zake. Lakini mwimbaji wa zamani alipofumba kinywa, wimbo wake ulibaki katika kumbukumbu za wale waliomsikia tu. Na wao walipokwenda zao, wimbo ulikwenda pamoja nao. Kwa maelfu ya miaka hapakuwa na njia nyingine. Njia ilipopatikana, wanadamu hawakutosheka nayo, bali waliendelea kuunda mashine baada ya mashine, kila moja ikisifiwa kwamba yashinda iliyotangulia.

Nataka, msomaji kijana, tuzilinganishe mashine hizo, hasa zile za kucheza sahani za CD, ambazo baadhi yake ziliuzwa kwa bei ya gari. Katika kulinganisha twatafuta jibu la swali moja: mashine ya sauti hupimwa kwa nini? Kwa bei, kwa ung'avu wake, kwa jina la aliyeiunda, au kwa kitu kingine?

Tutaanza safari yetu Taveta, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Taveta ni mahali pa njia. Misafara ya kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilipumzika katika msitu wake, na Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwezi wa Februari 1916 watu wengi walikufa katika kilima cha Salaita, karibu na mji huo. Leo Taveta ni mji wa mpaka, nao watu wa pande mbili hukutana sokoni siku za Jumatano na Jumamosi. Mahali pa namna hiyo hujifunza mapema kulinganisha bidhaa. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: nchi hii ya Taita na Taveta ndiyo iliyomzaa Fadhili William mwaka 1938, mwimbaji ambaye sauti yake ilibebwa na karibu kila namna ya mashine tutakazozitaja. Jina lake la tatu lilikuwa Mdawida, nalo lamtambulisha, maana Wataita wenyewe hujiita Wadawida.

Mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha iliundwa na Thomas Edison huko Marekani mwaka 1877. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner aliunda nyingine iliyotumia sahani bapa badala ya mcheduara, na hiyo ndiyo iliyozaa santuri. Kazi yake ni rahisi kueleza. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huchorwa katika mfuo mwembamba unaozunguka sahani. Kisha sindano ikipita katika mfuo ule hutikisika kama hewa ilivyotikisika, na sauti hurudi. Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, zikazunguka mara 78 kwa dakika. Zilikuwa nzito, zilivunjika kama vyungu, na kila upande ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Mwenye santuri alizungusha mpini kukaza kamani, naye hakuhitaji umeme hata kidogo.

Usidharau dakika hizo tatu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mwana wa mfinyanzi, alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kuimbia kampuni ya His Master's Voice. Nyimbo za taarab ambazo zilikuwa zikichukua muda mrefu barazani ziliingizwa katika sahani hizo fupi, zikauzwa pwani na bara. Mtu ambaye hakualikwa katika jumba lo lote la fahari aliweza sasa kumsikia Siti nyumbani au dukani, kwa lugha anayoifahamu. Sauti ya santuri ilikuwa na mikwaruzo mingi kama mafuta yakaangayo; lakini wanunuzi hawakununua mikwaruzo, walimnunua Siti.

Nguvu ya mashine hiyo hafifu yaonekana pia katika nchi ya Wakipsigis. Sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, zilifika huko na kusikiwa na watu ambao hawakumwona kamwe. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha". Jina la mgeni yule lilikuwa limegeuzwa likawa la kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Tazama basi: mashine ilileta sauti ikaacha habari zake nyuma, na watu wakaijazia habari kwa akili zao. Jambo hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa sahani ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye uwezo wa kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ilitoa sahani ndogo ya mara 45. Sindano ikawa nyepesi, umeme ukachukua mahali pa kamani, na spika zikachukua mahali pa pembe. Mikwaruzo ilipungua sana. Wakati huo ndipo vijana wa Kenya waliposhika magitaa, na Nairobi ikawa na vyumba vya kurekodia.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Fadhili William, pamoja na kundi la Jambo Boys, aliurekodi wimbo wa "Malaika". Yeye ndiye anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuurekodi. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika sahani kubwa iliyouzwa Marekani na kwingineko. Mwaka 1981 kundi la Boney M liliutoa kwa namna yake. Na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuimba tena, wakati ambapo CD zilikwisha kuenea. Wimbo wa mwana wa Taita na Taveta ulizunguka dunia, mashine zikibadilika chini yake kama farasi wanavyobadilishwa chini ya tarishi.

Kabla ya CD kulikuwa na kaseti, nayo hatuwezi kuipita bila salamu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha mwaka 1963. Ukilinganisha sauti peke yake, kaseti ilikuwa duni kuliko sahani nzuri ya plastiki: ilivuma, na utepe wake ulinyooka au kukwama. Lakini ilikuwa na fadhila mbili kubwa. Ilitumia betri, kwa hiyo ilikwenda mpaka kijiji kisicho na umeme. Na iliweza kurekodi, kwa hiyo msikilizaji naye akawa mtunzaji. Harusi, mahubiri, na nyimbo za wazee zikawekwa katika kaseti. Madhara yake nayo yalitokana na fadhila hiyo hiyo, maana mwenye kuiba kazi ya mwimbaji alihitaji mashine mbili tu na waya.

Sasa tuje kwenye CD. Hii haikuwa santuri iliyorekebishwa. Ilikuwa fikra mpya. Santuri huchora mtikisiko wenyewe, lakini CD huandika hesabu zake. Kwa kila sekunde moja sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za namna mbili tu, yaani 0 na 1. Kwa nini idadi hiyo? Kwa sababu sikio la mwanadamu husikia mitikisiko isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na wanahesabu wamethibitisha kwamba, ili kuirudisha kamili, vipimo havina budi kuzidi mara mbili ya hiyo. Nazo tarakimu 16 hutoa ngazi 65,536 za kupimia nguvu ya sauti. Hesabu hizo huandikwa kwa vishimo vidogo mno ndani ya sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12, nao mwanga wa leza huvisoma kutoka upande wa chini, ukianzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Hakuna kinachogusa sahani, kwa hiyo haichakai kwa kuchezwa. Tena mkwaruzo mdogo wa kama milimita mbili katika njia ya leza hausikiki, kwa kuwa tarakimu za ziada huiwezesha mashine kukokotoa zilizokosekana.

Mashine mbili za kwanza zilitoka kwa kampuni zilizoshirikiana kuunda CD, nazo zatufundisha jinsi ya kulinganisha. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ya Japani iliuza CDP-101 kwa yeni 168,000. Philips ilitoa CD100. Sony ilitumia kigeuzi cha tarakimu 16, yaani kifaa kinachogeuza hesabu kuwa umeme wa sauti. Lakini kilikuwa kimoja tu, kikihudumia upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, upesi kupita kiasi. Philips ilikuwa na vigeuzi viwili, kila kimoja cha tarakimu 14 tu. Mtu wa haraka angesema kwamba 16 hushinda 14, shauri limekwisha. Lakini wahandisi wa Philips walikuwa na hila njema. Waliongeza vipimo vya kati kwa hesabu, vikawa 176,400 kwa sekunde, na makosa madogo yaliyotokana na upungufu wa tarakimu yakasukumwa mbali, mahali ambapo sikio halifiki. Hivyo mashine yenye tarakimu chache ilisimama bega kwa bega na yenye tarakimu nyingi. Funzo lake ni hili: namba moja iliyoandikwa katika tangazo haitoshi kuhukumia mashine nzima.

Punde si punde walitokea mafundi waliosema kwamba mashine hizo zaweza kufanywa bora zaidi. Mwaka 1984 kampuni ya Meridian ya Uingereza ilichukua mashine ya Philips na kuirekebisha. Mwaka 1991 Naim ya Uingereza ilitoa CDS, ambayo umeme wake ulitoka katika sanduku la pili lililo mbali na leza na vigeuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Linn ya Scotland ilitoa Sondek CD12, iliyowekwa ndani ya bumba zima la aluminiamu lililochongwa, kwa bei ya pauni 12,000. Fedha hizo zilinunua nini? Zilinunua mambo manne hasa: umeme safi usio na mawimbi, saa ya ndani inayohesabu sawasawa, ili kila kipimo kitoke kwa wakati wake, mwili mzito usiotikisika, na vigeuzi vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Haya si uongo. Ni ufundi wa kweli, na vyombo vya maabara viliweza kuyapima.

Lakini je, sikio nalo liliyapima? Hapa ndipo ubishi ulipowaka, na haujazimika. Wako walioapa kwamba mashine ya bei kubwa huleta mwimbaji chumbani. Wako waliosema kwamba mashine zote nzuri za CD husikika karibu sawa, na ya kwamba fedha ni afadhali zitiwe katika spika. Mimi nakupa, msomaji, njia ya kuamua bila kumwamini mtu ye yote. Ukitaka kulinganisha mashine mbili, kwanza hakikisha kwamba zote zatoa sauti ya kiasi kimoja, tena kwa kipimo wala si kwa kukisia, maana sikio huipenda ile yenye sauti ya juu kidogo na kuidhania bora. Pili, zifunike, ili msikilizaji asijue ipi inacheza; jicho ni shahidi mwenye kupokea rushwa. Tatu, rudia mara nyingi. Mtu akibahatisha tu, nafasi yake ya kupata mara 10 kati ya 10 ni moja katika 1,024. Akipata zote, mpe heshima yake. Akipata 5, basi amekuwa akirusha sarafu.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya matangazo havikulisema. Mashine hupimwa mahali inapofanyia kazi. Katika nchi ya joto na vumbi jekundu kama ile ya kati ya Voi na Taveta, adui wa mashine ya CD ni vumbi linalotua juu ya lenzi ya leza, joto linalochosha vipuri, na umeme unaopanda na kushuka. Saa ya ndani iliyo sahihi kupita zote haimfai kitu mtu ambaye lenzi yake imefifia na hana fundi wa kuisafisha. Mashine ya wastani inayofunguka kwa bisibisi moja, na kipuri chake kikapatikana sokoni, kwa mtu huyo ni bora kuliko bumba la aluminiamu ambalo fundi wake yu Scotland. Kuchagua ni kujua haja yako na mahali pako.

Na sasa tupime neno kubwa zaidi. Mashine ya kucheza, iwe ya senti au ya dhahabu, haiwezi kutoa kisichokuwamo ndani ya sahani. Chukua wimbo wa "Malaika" uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kama utepe wa asili umetunzwa, CD itakupa gita na sauti ya Fadhili William kwa unadhifu. Kama utepe umepotea, na CD ikanakiliwa kutoka sahani kuukuu, basi mashine ya pauni 12,000 itakupa mikwaruzo ya sahani hiyo kwa uaminifu mkubwa. Uaminifu ni sifa ya mashine. Lakini utajiri umo katika kilichohifadhiwa, na kuhifadhi ni kazi ya watu.

Nayo CD, pamoja na ung'avu wake, haikusema kila kitu. Fadhili William alishikilia kwamba "Malaika" ni utungo wake, na wengine wakamtaja Adam Salim wa Tanganyika kuwa ndiye aliyeutunga zamani zaidi. Fadhili William alikufa mwaka 2001, na ubishi haukufa. Vipimo 44,100 kwa sekunde vyaweza kukuonyesha pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti. Haviwezi kukuambia nani aliyetunga ubeti, wala nani aliyestahili malipo. Kama daftari lingeandikwa siku ile, pamoja na jina, mahali, na tarehe, ubishi usingekuwako. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na wimbo ni mali. Wale wasichana wa Kapkatet waliogeuza jina la mgeni kuwa la paa walifanya mchezo mzuri, lakini sisi tulio na shule hatuna udhuru wa kuwageuza waimbaji wetu kuwa paa.

Wala CD yenyewe haikudumu katika enzi yake. Nyimbo zilianza kupita katika kompyuta na simu bila sahani yo yote, na mwaka 2009 Linn, wale wale waliotengeneza Sondek CD12, walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza mashine za CD. Kiti kilichokaliwa na santuri, kisha na kaseti, kilipata mkaaji mwingine. Lakini katika miaka hiyo hiyo CD ilifanya tendo jema kwa nchi zetu. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mfululizo uitwao Zanzibara. CD ya kwanza ilikuwa ya Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na ya pili ilikusanya taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975, pamoja na maelezo ya waimbaji. Sauti zilizokuwa zikichakaa katika sahani za mara 45 zilipata mwili mpya, na majina yao yakaandikwa kando yake.

Hii ndiyo hukumu ya ulinganisho wetu. Santuri ilishindwa kwa usafi wa sauti, ikashinda kwa kumfikisha Siti mahali asipofika. Kaseti ilishindwa kwa ubora, ikashinda kwa kumpa mnyonge uwezo wa kurekodi. CD ilishinda kwa usahihi, na mashine zake za fahari zilisogeza usahihi huo hatua ndogo mbele kwa gharama kubwa. Kila moja ilistahili sifa kwa kadiri ilivyoitumikia sauti ya mtu na masikio ya watu.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Pengine kwenu, au kwa babu na bibi, kuna kasha lenye sahani za zamani au kaseti zisizo na jalada. Usizitupe kwa kuwa mashine yake imeharibika. Mashine hupatikana, lakini sauti ikipotea hairudi. Zitoe juani na vumbini, ziweke mahali pakavu, kisha kaa na wazee uwaulize: huyu anayeimba ni nani, aliimbia wapi, mwaka gani, na maneno yalitungwa na nani? Waliyokujibu yaandike. Kazi hiyo haihitaji pauni 12,000. Yahitaji kalamu, subira, na heshima. Atakayeifanya atakuwa ameongeza juu ya sahani kitu ambacho hakuna mashine iliyoweza kukiongeza.